Mezzanine au Dummy: uanze na giza lipi la Bristol?

Mtu akiulizia trip-hop, muziki wa taratibu wenye midundo ya hip-hop na besi nzito, kwa mara ya kwanza, huletewa majina mawili kwa pumzi moja: Massive Attack na Portishead. Akiulizia albamu, huambiwa Mezzanine na Dummy, kana kwamba ni kitu kimoja chenye majalada mawili. Zote zimetoka Bristol, Uingereza, zote zinakwenda taratibu, zote ni za giza. Basi anachagua kwa kubahatisha. Akiangukia isiyomfaa, anafika wimbo wa tatu, anazima, na kuanzia hapo anaamini muziki wa aina hii ni wa watu waliokata tamaa.

Huo ni uonevu, kwa albamu na kwa msikilizaji. Hizi ni albamu mbili zenye tabia tofauti kabisa. Dummy ya Portishead ilitoka Agosti 1994, na giza lake ni la huzuni. Kuna mtu mmoja ameumizwa, na anakueleza. Mezzanine ya Massive Attack ilitoka Aprili 1998, na giza lake ni la wasiwasi. Hakuna anayekueleza jambo waziwazi. Unahisi tu kwamba kuna kitu kinakuja, na hujui kinatokea upande gani.

Kwa mwenye haraka: ukiwa mtu wa kufuata sauti ya mwimbaji na maneno yake, anza na Dummy. Ukiwa mtu wa kufuata besi, mdundo na hali nzima ya muziki inavyokuzunguka, anza na Mezzanine. Na kama nafasi kwenye simu inatosha moja tu, mimi nakushauri Mezzanine, na sababu zangu nitazitoa. Lakini siyo jibu la kila mtu, ndiyo maana naandika kirefu.

Mji mmoja, studio moja

Kufanana kwao siyo bahati tu. Bristol ni mji wa bandari kusini magharibi mwa Uingereza, na utajiri wake wa karne ya 18 ulitokana kwa sehemu kubwa na biashara ya watumwa. Sanamu ya mmoja wa wafanyabiashara hao, Edward Colston, ilisimama katikati ya mji hadi Juni 2020, waandamanaji walipoiangusha na kuitosa bandarini. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, Massive Attack walikataa kupiga katika ukumbi wa mji wao wenyewe uliokuwa unaitwa kwa jina lake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wahamiaji kutoka Jamaika na visiwa vingine vya Karibea walikuja kuishi Bristol, wengi wao mtaa wa St Pauls. Mwaka 1963 watu weusi wa mji huo waliongoza mgomo wa kususia mabasi kwa sababu kampuni iliyoyaendesha ilikataa kuwaajiri, na wakashinda. Watu hao hao walikuja na utamaduni wa saundi: maspika makubwa, dijei, mtu wa maiki, na rege yenye besi ya kutikisa kifua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa pale waliunda kundi la madijei lililoitwa The Wild Bunch, wakawa wanachanganya rege, hip-hop ya New York, panki na soul usiku mmoja, sehemu moja.

Kutoka humo wakapatikana watatu walioanzisha Massive Attack mwaka 1988: Grant Marshall, maarufu kama Daddy G, ambaye wazazi wake walitoka Barbados, Robert Del Naja, aitwaye 3D, mchoraji wa kuta mwenye baba Mwitaliano, na Andrew Vowles, aitwaye Mushroom. Albamu yao ya kwanza, Blue Lines, ilitoka 1991. Walipokuwa wakiirekodi katika studio ya Coach House, kulikuwa na kijana wa kazi ndogondogo pale studio, wa kuweka tepu na kuwatumikia wanamuziki. Jina lake Geoff Barrow. Mwaka huo huo wa 1991 Barrow alikutana na Beth Gibbons kwenye mafunzo ya serikali ya watu wasio na ajira wanaotaka kujianzishia kazi. Wakamvuta Adrian Utley, mpiga gitaa wa jazi, na kundi wakaliita Portishead, jina la mji mdogo karibu na Bristol alikokulia Barrow.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema makundi haya yanaibiana, mwambie yamekula chungu kimoja. Jina la trip-hop lenyewe lilianza kutumika kwenye jarida la Mixmag mwaka 1994, na wanamuziki wa Bristol hawakulipenda hata siku moja.

Wote wamechota kwa Isaac Hayes

Ukitaka kuona tofauti yao kwa macho, au tuseme kwa masikio, usianze na albamu nzima. Chukua nyimbo mbili: Glory Box, inayofunga Dummy, na Exchange, iliyoko katikati ya Mezzanine. Zote mbili zimejengwa juu ya vipande vilivyokatwa kutoka kwenye rekodi za mwanamuziki mmoja, Isaac Hayes, fundi wa soul wa Memphis, Marekani. Portishead walichukua kipande cha Ike's Rap II, ya mwaka 1971. Massive Attack walichukua kipande cha Our Day Will Come, alivyoirekodi yeye mwaka 1970. Miaka inayofuatana, mtu yule yule, nyuzi laini zile zile za vinanda na fidla.

Sasa sikiliza walivyofanya. Portishead wanakipa kile kipande mwimbaji. Beth Gibbons anaingia juu yake kwa sauti nyembamba, ya mwanamke aliyechoka kuchezewa na anayeomba apewe sababu ya kuendelea kuwa mwanamke. Baadaye gitaa la Utley linaingia kwa ukali, kisha mdundo unabadilika ghafla na kuwa mzito, na yeye bado anaomba. Kile kipande cha Hayes kimekuwa kiti alichokalia mtu wa kusimulia.

Massive Attack wanafanya kinyume. Exchange haina mwimbaji. Kipande kinazunguka, kinazunguka, besi inakipitia chini taratibu, na hakuna anayekuja. Unabaki wewe peke yako na sauti ya sebule tupu. Kisha mwishoni kabisa mwa albamu wimbo ule ule unarudi, safari hii Horace Andy akiimba juu yake, na santuri ikikwaruza kwa nyuma. Kukipata kile ulichokikosa katikati kunakufanya uelewe jinsi ulivyokuwa umebanwa kwa zaidi ya nusu saa.

Ukizisikiliza hizi mbili moja baada ya nyingine, nadhani utakuwa umeshajua wewe ni wa upande gani. Anayependa Glory Box zaidi asipoteze muda: aende Dummy. Anayevutwa na ule utupu wa Exchange aendelee kusoma.

Dummy: mtu mmoja mbele yako

Dummy inakaa chini ya dakika 50. Ni albamu ya sauti moja. Tangu Mysterons, wimbo wa kwanza, hadi mwisho, Gibbons ndiye anayeimba na ndiye aliyeandika maneno, na ni mtu ambaye karibu hakuwahi kukaa na waandishi wa habari kujieleza. Alichotaka kusema kimo mle ndani.

Ufundi wa Barrow na Utley ni wa ajabu na unastahili kutajwa. Hawakutegemea vipande vya watu wengine peke yake. Walirekodi wenyewe ngoma, gitaa na vinanda, wakavipeleka vikachapwa kwenye santuri, kisha wakazichakaza zile santuri kwa makusudi, hata kuzikanyaga sakafuni, halafu ndipo wakazicheza na kukata vipande kutoka humo. Ndiyo maana mle ndani mna ile mikwaruzo na vumbi, muziki mpya unaonekana umeokotwa kwenye stoo ya mzee. Sour Times ina kipande cha Lalo Schifrin, mtunzi wa muziki wa Mission: Impossible, na ukikisikia unajikuta kwenye sinema ya majasusi ya miaka ya 1960. Walipenda sinema hizo kiasi kwamba walitengeneza filamu yao fupi, To Kill a Dead Man, na picha ya jalada la Dummy imetoka humo.

Wimbo wa kuupima ni Roads. Kinanda cha umeme kinachotetemeka, ngoma polepole, nyuzi zinazopanda, na Gibbons karibu analia. Usipoguswa na Roads, Dummy siyo yako, na hakuna ubaya.

Mwaka 1995 albamu hii ilishinda tuzo ya Mercury, ambayo kila mwaka hupewa albamu moja ya Uingereza na Ireland. Ilipendwa mno, hadi watu wakaanza kuiweka nyumbani wakati wageni wanakula chakula cha jioni. Hili linasema kitu kuhusu Dummy ambacho anayechagua lazima akijue: ina huzuni kubwa lakini haimfukuzi mtu. Ukiiweka sebuleni mama akipita atauliza huyo mwanamke ni nani, ana sauti nzuri. Mezzanine haina mlango wa namna hiyo.

Mezzanine: hakuna mtu, kuna kitu

Mezzanine ina nyimbo 11 na inazidi saa moja. Inafunguka na Angel, na Angel ndiyo geti lenyewe. Kwanza ni besi peke yake, chini sana, inapiga noti zilezile bila haraka. Ngoma zinaingia kavu. Kisha Horace Andy, mwimbaji wa rege wa Jamaika aliyekuwa anajulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, anaanza kuimba kwa ile sauti yake ya juu inayotikisika. Maneno ni machache, mengine ameyarudia kutoka wimbo wake wa zamani, na yakisomwa kwenye karatasi ni ya mapenzi matupu: malaika ameshuka kutoka juu. Lakini chini yake besi haijatulia. Inazidi kusogea. Gitaa la Angelo Bruschini linaanza kuvimba kwa nyuma, linarudi, linavimba tena, hadi linafunika kila kitu kwa kelele, na Andy bado anaimba upendo kana kwamba haoni kinachoendelea. Wimbo wa mapenzi unaotisha. Sijasikia albamu nyingine inayokupokea hivi.

Gitaa hilo ndilo lililoleta ugomvi. Blue Lines na Protection ya mwaka 1994 zilikuwa albamu za hip-hop, soul na rege, za joto. Kwenye Mezzanine 3D alitaka kurudi kwenye panki aliyokua nayo, kutumia magitaa yenye kelele na mashine, akifanya kazi na prodyuza Neil Davidge. Mushroom hakuridhika na mwelekeo huo. Ikafika mahali wanafanya kazi kila mmoja kwa zamu yake. Mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya albamu kutoka, Mushroom aliondoka kundini. Nayasema haya kwa sababu yanasikika. Hii ni albamu ya watu waliokuwa hawaaminiani tena, na kutoaminiana ndiyo mada yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Chukua Risingson, wimbo wa pili. 3D na Daddy G wanatamka maneno kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona, juu ya usiku wa klabu uliozidi kipimo, saa ile ambayo muziki ni mzuri lakini unataka kwenda nyumbani na huoni mlango. Au Man Next Door, wimbo wa zamani wa rege wa John Holt, ambao Horace Andy anauimba hapa upya. Habari yake ni ya mtu asiyelala kwa sababu jirani anarudi usiku wa manane na fujo zake, mpaka anawaza kuhama. Aliyewahi kupanga chumba kwenye nyumba ya kushirikiana ukuta hahitaji kufafanuliwa. Ila Massive Attack wamechukua ngoma za When the Levee Breaks ya Led Zeppelin, kundi la roki la Uingereza, zile zilizorekodiwa kwenye ukumbi wa ngazi za jumba la zamani ili zipate mwangwi, wakaziweka chini ya Andy. Matokeo yake yule jirani unamsikia. Kila pigo ni mguu wake kwenye ngazi.

Inertia Creeps ilizaliwa baada ya safari ya Istanbul, na ndani yake mna mdundo na ladha ya muziki wa Kituruki. Hapa masikio ya Pwani yana faida. Aliyekulia Unguja, Lamu au Mombasa akisikiliza taarabu, yenye mizizi Misri na nchi za Kiarabu, anaizoea Inertia Creeps upesi kuliko msikilizaji wa Ulaya, kwa sababu ule mzunguko unaojipinda na kurudi hapo hapo siyo mgeni kwake. Kigeni ni ile sauti ya 3D inayopumua sikioni, mtu anayesimulia uhusiano uliooza ambao hana nguvu ya kuuacha.

Halafu kuna Group Four, zaidi ya dakika nane. 3D anaimba nafasi ya mlinzi wa usiku, anayekagua makomeo na milango na kuangalia skrini, huku sauti ya mwanamke ikimjia kutoka mahali pengine kabisa. Jina la wimbo ni jina la kampuni ya ulinzi ya Uingereza ya enzi hizo, ile iliyokuja kujulikana kama G4S, ambayo walinzi wake tunawaona magetini Nairobi na Kampala. Kuelekea mwisho hakuna anayeimba karibu kitu. Magitaa yanapanda tu, yanapanda. Huu ndio wimbo ninaourudia kuliko yote, na ndio unaowashinda wengi. Ukifika hapo ukaona unavutwa mbele badala ya kuchoka, umeshapata albamu yako.

Na Teardrop?

Najua wapo watakaosema: lakini mimi naijua Teardrop, ni tamu, haina wasiwasi wowote. Kweli. Wengi wameisikia kwenye House, tamthilia ya Kimarekani ya daktari mwenye fimbo, bila kujua ni ya nani. Mdundo wake watu huufananisha na mapigo ya moyo, na video yake inaonyesha mtoto akiimba akiwa tumboni mwa mama. Mwimbaji ni Elizabeth Fraser wa kundi la Cocteau Twins kutoka Uskochi. Mushroom alitaka wimbo upelekwe kwa Madonna. Wenzake wawili wakasimama na Fraser. Siku za kuurekodi zilikuwa za mwaka 1997, na ndipo Fraser alipopata habari kwamba Jeff Buckley, mwimbaji aliyewahi kuwa karibu naye, amezama mtoni Memphis. Baadaye alisema wimbo kwa namna fulani ni juu yake.

Kwa hiyo Teardrop ni mlango mzuri, lakini nakutahadharisha: usiinunue Mezzanine ukitegemea nyimbo 11 za namna hiyo. Hakuna nyingine mle ndani yenye mwanga ule. Ziko karibu nayo Black Milk, ambayo Fraser anaimba pia, na Dissolved Girl ya Sara Jay, ile inayosikika kwenye hedifoni za Neo, mhusika mkuu, akiwa amelala mezani mwanzoni mwa filamu ya The Matrix, lakini hata hizo zimekaa kivulini. Anayetaka Teardrop nyingi apewe Dummy, halafu apewe Protection.

Kiingereza chako

Hili halitajwi sana na kwetu lina uzito. Dummy inadai maneno. Gibbons hutamka kwa namna yake, lakini anachosema ni nusu ya wimbo, na asiyefuata Kiingereza vizuri anabaki na sauti nzuri bila kisa. Mezzanine haidai. Fraser amejulikana maisha yake yote kwa kuimba maneno yasiyoshikika hata kwa Waingereza wenyewe. 3D ananong'ona. Horace Andy anarudia sentensi mbili tatu. Hali ndiyo inayobeba ujumbe, na hali haihitaji kamusi. Nimeona watu wasiojua Kiingereza kabisa wakiielewa Angel sawasawa na mtu aliyesoma London.

Unasikilizia nini?

Hapa ushindi wa Dummy ni wa wazi. Sauti ya Gibbons imekaa katikati, pale ambapo spika yoyote inafika. Ichezee kwenye simu, kwenye redio ya gari la zamani, kwenye spika ndogo ya bluetuthi jikoni; utakosa mengi lakini wimbo utabaki wimbo.

Mezzanine kwenye spika ya simu haipo. Nasema haipo kwa maana yake halisi: Angel inaanza na noti ambazo spika ya simu haiwezi kuzitoa, kwa hiyo kwa sekunde nyingi za mwanzo utasikia vitu vidogo vikitiktik na utadhani faili limeharibika. Ukiongeza sauti, gitaa linakuja kukuumiza masikio kwa sababu besi ya kulibeba haisikiki. Nusu ya watu wanaoniambia albamu hii haina kitu waliisikiliza hivyo. Tafuta hedifoni za kufunika sikio, siyo lazima za bei mbaya, au spika zenye wufa. Albamu imetoka mikononi mwa watu waliokulia kwenye saundi. Besi kwao ndiyo nyumba.

Pia zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Dummy inavumilia kuchanganywa. Mezzanine ukiichanganya umeibomoa, kwa sababu Exchange ya katikati na ile ya mwisho zimewekwa pale kwa kazi maalumu, na Group Four haieleweki bila uchovu wa nyimbo tisa zilizoitangulia. Pakua albamu nzima kabla, ili bando lisikukatie njiani.

Saa ngapi, na nani

Dummy ni ya jioni na ya mtu anayetaka kuachia. Umeachwa, umefiwa, umegombana na mtu unayempenda: Gibbons atakaa nawe. Inafariji hata inapoliza, na ukimaliza unapumua.

Mezzanine haifariji, na sitaki nikudanganye. Ni ya usiku mkubwa. Ni ya basi la usiku wakati taa za ndani zimezimwa na abiria wote wamelala isipokuwa wewe na dereva. Ni ya mtu anayefanya kazi ya kukaza akili: wanaoandika programu na wanaochora wanaipenda mno, na naelewa kwa nini, mdundo wake unashikilia mawazo bila kuyavuruga. Lakini kama uko kwenye kipindi cha hofu, hulali, moyo unakwenda mbio bila sababu, iache kwanza. Chukua Dummy. Mezzanine itakusubiri, na itakufaa zaidi ukiwa umesimama imara.

Kwa nini basi nimesema nikilazimishwa moja nachukua Mezzanine? Kwa sababu ya urefu wa safari yake na mimi. Dummy ilinipa karibu kila kitu siku ya kwanza, na ikarudia kunipa kile kile, kizuri vilevile. Mezzanine siku ya kwanza ilinipa Angel na Teardrop tu. Man Next Door ilikuja baadaye sana. Inertia Creeps baadaye zaidi. Bado nasikia vitu kwenye Group Four ambavyo sikuvijua. Na inazungumzia kitu ambacho kimezidi kuwa cha kweli tangu 1998: mlinzi na skrini zake, jirani usiyemjua, chumba kilichojaa watu na hakuna unayemwamini. Del Naja na wenzake walilisikia mapema.

Kuna ya tatu

Isingekuwa haki nisimtaje Tricky, kijana wa Bristol aliyepitia The Wild Bunch na kuimba kwenye albamu mbili za mwanzo za Massive Attack. Maxinquaye yake ya Februari 1995 imepewa jina la mama yake, Maxine Quaye, aliyejiua Tricky akiwa mtoto mdogo. Tricky ananguruma, Martina Topley-Bird anaimba kwa utulivu juu yake, na wimbo wao Hell Is Round the Corner umejengwa juu ya kipande kile kile cha Isaac Hayes kilichoko kwenye Glory Box. Ni albamu chafu zaidi, ya karibu zaidi, na isiyotabirika. Siyo ya kuanzia. Ni ya kwenda ukishajua unachopenda.

Ukichagua Dummy na ukaipenda, usikimbilie Mezzanine moja kwa moja. Pita kwanza Roseland NYC Live, rekodi ambayo sehemu yake kubwa ni Portishead wakipiga New York mwaka 1997 na okestra. Utasikia Glory Box na Mysterons zikiwa na mwili mwingine. Ukichagua Mezzanine, tafuta toleo lake lililopanuliwa la mwaka 2019, ambalo limeongezewa nyimbo zilizogeuzwa kuwa dabu, mtindo wa rege wa besi na mwangwi, na Mad Professor, fundi wa London mzaliwa wa Guyana. Huko magitaa yamepungua, mwangwi umeongezeka, na besi ndiyo iliyobaki mbele. Kama magitaa ya Mezzanine ndiyo yaliyokuwa yanakukera, pengine anza na toleo hilo kwanza.